Damu imemwagika leba: tuifute na nini?

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi kiongozi wa kituo cha afya mkoani Kagera. Tulipewa msaada wa maboksi ya pedi nyeupe, tukaambiwa ni za kufyonzea majimaji hatarishi. Tukiiwekea damu iliyomwagika, damu inateleza pembeni kama maji juu ya jani la mgomba. Wenzangu wamerudi kwenye pamba na kanga za wazazi. Mhudumu mmoja anapasua pampasi za watoto na kutandaza vile vya ndani, na yupo anayetuhimiza tutumie maranda ya seremala. Kipi ni sahihi? Na boksi la sampuli tunalopeleka hospitali ya mkoa tuliwekee pamba kiasi gani?"

Sista, salaam nyingi. Nianze na hizo pedi nyeupe, kwa sababu hapo ninyi hamna kosa. Kosa ni la aliyezichagua bila kuuliza zinakwenda kufuta nini.

Fanya jaribio dogo leo mkibadilishana zamu. Weka pedi moja mezani, dondosha tone la maji upande huu na tone la mafuta ya kula upande ule. Maji yatakaa juu yamejiviringa kama ushanga, na ukiinamisha pedi yatabingirika yaanguke. Mafuta yatakuwa yameshazama kabla hujafunga chupa. Ukiona hivyo, ujue mlichopewa ni pedi za kukamata mafuta, zile zinazotumika bandarini na kwenye magereji. Zimetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ile ile ya viroba vya mchele, iliyoyeyushwa na kupulizwa kwa hewa ya moto hadi ikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Tabaka la katikati la barakoa zenu za upasuaji ni kitu hicho hicho. Ndiyo maana damu ikikurukia barakoani haipenyi upesi. Kinachokulinda usoni ndicho kinachokuangusha sakafuni.

Wauzaji wa vitu hivi wana mazoea ya rangi: nyeupe ni ya mafuta peke yake, kijivu ni ya kila kitu, njano ni ya kemikali. Ile ya kijivu mara nyingi ni polipropilini hiyo hiyo, ila imepakwa dawa ya jamii ya sabuni ili maji yakubali kuingia. Basi zile nyeupe msizitupe. Mpelekeeni fundi wa jenereta, dizeli inapovuja atawashukuru sana.

Kwa nini nyuzi moja inakubali maji na nyingine inakataa? Kumbuka utambi wa koroboi. Mafuta ya taa yanapanda juu bila pampu wala mkono wa mtu. Yanapanda kwa sababu mbili zikikutana: mafuta yanaupenda uzi wa utambi, na nafasi kati ya uzi na uzi ni finyu. Ikikosekana moja, hakuna kinachopanda. Maji hayaipendi polipropilini, kwa hiyo hata nafasi ziwe finyu kiasi gani, tone linabaki mlangoni. Pamba, karatasi na viskosi (uzi unaotengenezwa kwa mti) ni selulosi, yaani ile nyuzi ya mimea, na selulosi na maji ni ndugu. Damu nayo ni maji yaliyobeba chumvi, protini na chembechembe, lakini ni nzito kuliko maji mara tatu au nne kwa mtiririko, kwa hiyo inapanda polepole, na ikianza kuganda inaziba njia nyuma yake. Pedi iliyosifiwa dukani kwa kunywa glasi ya maji kwa sekunde tatu inaweza kukuaibisha mbele ya damu.

Sasa pamba. Hiyo mnayonunua imeshapikwa. Ukichuma pamba mbichi shambani Simiyu ukaitupa kwenye beseni la maji, itaelea, maana uzi wake umevikwa nta ya asili. Kiwandani inachemshwa na kostiki soda, nta inatoka, kisha inapaushwa, ndipo inapata hiyo tabia ya kunywa. Kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kinaijaribu hivi: pamba inawekwa kwenye kikapu kidogo cha waya, inaachiwa juu ya maji, na inatakiwa izame ndani ya sekunde 10. Kisha gramu moja ya pamba lazima ishike maji yasiyopungua gramu 23. Mkipokea pamba mpya, chomoeni kidonge kimoja mkidondoshe kwenye ndoo ya maji safi. Ikielea dakika nzima, hiyo ni ya kujazia mito.

Kanga ni habari hiyo hiyo. Ninyi akina dada mnajua kuliko mimi kwamba kanga mpya haikaushi mwili. Ina wanga wa kiwandani, ndiyo maana inakuwa ngumu na inalia ikikunjwa. Mama akija leba na kanga aliyoinunua jana kwa ajili ya safari, damu itatembea juu yake kwanza kabla ya kuingia. Waambieni kliniki kwamba kanga za kujifungulia zifuliwe mara mbili nyumbani, zianikwe juani, zipigwe pasi. Zitakuwa safi, na zitakunywa.

Lakini nifike kwenye jambo ambalo ndilo nililoandikia barua ndefu namna hii. Zile gramu 23 za maji kwenye gramu moja ya pamba hazimo ndani ya uzi. Nyingi zimo katikati ya nyuzi, kwenye nafasi. Ukiiminya pamba, nafasi zinafungwa na maji yanatoka. Kwa hiyo kila unapopewa sifa ya kitu cha kufyonza, uliza swali la pili: kikishakunywa, kikikanyagwa, kikirundikwa kwenye mfuko chini ya vingine kumi, damu itakuwa wapi?

Niliwahi kuitwa kwenye hospitali moja, sitaitaja, kwa sababu walilalamika kwamba pamba waliyonunua ni mbovu. Pamba ilikuwa nzuri kabisa, ilizama kwa sekunde nne. Sakafu ya chumba cha upasuaji ilikuwa inang'aa. Nikatoka mlangoni, nikaona tone. Hatua tatu mbele, tone jingine. Nikayafuata matone yale korido nzima, yakashuka ngazi, yakapita mbele ya dirisha la kuchukulia dawa ambapo watu walikuwa wamekaa sakafuni na watoto, yakaishia kwenye tanuri la taka. Mhudumu alikuwa anaburuta mfuko. Pamba ilifyonza vizuri chumbani, na uzito wa mfuko ukaikamua njiani. Dawa yake haikuwa pamba nyingine. Walianza kuweka mfuko ndani ya mfuko, wakaacha kuujaza zaidi ya robo tatu, wakanunua ndoo yenye mfuniko ya kubebea.

Gozi, kile kitambaa chembamba chenye matundu cha kufungia vidonda, na pamba msivipambanishe, kila kimoja kina kazi yake. Gozi inakunywa upesi lakini haibebi kingi. Pamba inabeba kingi lakini inaacha nyuzi kwenye kidonda na sakafuni, na ikilowa inachanika mkononi. Daktari mpasuaji wa Birmingham, Joseph Sampson Gamgee, alivioanisha mwaka 1880: pamba katikati, gozi juu na chini. Hamhitaji kununua iliyotengenezwa. Wanafunzi wa uuguzi wanaweza kuzishona mchana mmoja, na hizo ndizo ningetamani ziwe kwenye kabati lenu la dharura.

Tuje kwa mhudumu wa pampasi, ambaye kwa kweli namheshimu, maana ana akili ya utafiti. Ndani ya pampasi kuna nyuzi za mti zilizochambuliwa zikawa kama pamba, na katikati ya nyuzi hizo kuna chembe nyeupe kama sukari. Chembe hizo ni sodiamu poliakrileti. Hizi hazifyonzi kama utambi. Maji yanaingia ndani ya chembe yenyewe, nayo inavimba ikawa jeli, na ukiikamua haitoi. Ndicho hasa tulichokuwa tunakitafuta: kitu kinachoshika. Kwa maji safi yasiyo na chumvi, gramu moja inaweza kubeba mamia ya gramu.

Tatizo ni hilo neno "yasiyo na chumvi". Jaribu mwenyewe jikoni. Pasua pampasi, kung'uta chembe kwenye bakuli, mimina maji kidogo kidogo hadi upate jeli inayosimama kama uji ulioganda. Kisha nyunyiza kijiko cha chumvi ya mezani, koroga. Baada ya muda mfupi utaona jeli inanywea na maji yanarudi bakulini. Kinachoivimbisha jeli ni tofauti ya chumvi kati ya ndani na nje. Nje kukiwa na chumvi tayari, hamu ya maji inapungua. Na damu, mkojo na maji ya uzazi vyote vina chumvi. Kwa hiyo yale mamia yanashuka hadi makumi, thelathini au arobaini hivi kwa maji ya chumvi ya kiwango cha dripu. Bado ni kizuri. Ila mtu akikuuzia unga wa jeli kwa kukuonyesha maji ya bomba, mwambie arudie kwa "normal saline" yenu ya hapo wodini.

Kwa damu kuna jingine. Chembe nyekundu za damu haziwezi kupenya kwenye jeli. Ni kubwa mno. Jeli inachukua maji ya plasma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, chembe zinabaki nje, zimekuwa nzito zaidi. Ukitandaza unga mtupu kwenye dimbwi la damu, tabaka la juu litavimba upesi, lishikane, lifunge njia kama matope yanavyoziba mtaro, na chini yake damu itakuwa mbichi vilevile. Ndiyo sababu kiwandani chembe hazikai peke yake. Nyuzi za mti zinakuwa mifereji ya kupeleka maji kwa chembe za mbali. Basi mhudumu wenu asikung'ute chembe. Aiweke pampasi nzima, upande wa mtoto ukitazama damu. Kwa dimbwi dogo karibu na kitanda inafaa, na nisingemkataza, isipokuwa kwa bei.

Jihadharini na mambo mawili. La kwanza ni klorini ya unga, ile wanayoiita HTH, ambayo ni ya kalsiamu. Kalsiamu inaikaza jeli ya aina hii kuliko chumvi ya mezani inavyofanya. Ukimwagia maji ya HTH juu ya jeli iliyoshiba, itanywea na kurudisha kilichomo. Jiki ya chupa ni ya sodiamu, haina kisa hicho kwa kiwango hicho. La pili ni zito zaidi. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilitoa tahadhari mwaka 2017 na ikarudia mwaka 2019, kwa sababu wagonjwa walikula vile vipakiti vya unga wa jeli vinavyowekwa kwenye chupa za mkojo na mabakuli ya kutapikia. Unga ukikutana na mate unavimba kooni. Watu walikufa. Kwa hiyo chembe zisiachwe wazi juu ya meza ya mgonjwa, hasa mzee aliyechanganyikiwa au mtoto. Vipande vya pampasi iliyopasuliwa vikae kabatini, kabati lifungwe.

Na tanuri. Lita moja ya damu ndani ya jeli ni lita moja ya maji ambayo kuni au dizeli yenu italazimika kuichemsha kabla moto haujafika kwenye taka. Mfuko uliojaa jeli unazima moto, unatoka umeungua nje na mbichi ndani. Taka za jeli zichanganyeni na taka kavu, kidogo kidogo.

Maranda nitayamaliza haraka: hapana. Yanafyonza, sikatai, lakini yana vumbi, hayapimiki, yanajificha kwenye nyufa za sakafu, na kuyazoa ni kazi ya ufagio, ambao unarusha matone hewani. Tena klorini ya HTH ikiwa kavu haitakiwi kukutana na unga wa mbao hata kidogo, mchanganyiko huo unaweza kuwaka.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, lakini nimelisoma katikati ya mistari yako. Kufyonza hakuui kitu. Kirusi kilichokuwa sakafuni sasa kiko kwenye pedi, kizima. Ninyi wa Kagera sihitaji kuwahubiria. Homa ya virusi ya Marburg ilitangazwa Bukoba Machi 2023, ikarudi Biharamulo Januari 2025, na wahudumu wa afya ndio huwa mstari wa mbele wa kuambukizwa. Kwa hiyo pedi na klorini ni kazi moja yenye hatua mbili, na mpangilio wake una sababu.

Damu inakula klorini. Protini zinaimaliza kabla haijakutana na kirusi. Ukimwaga nusu lita ya dawa ya asilimia 0.5 juu ya nusu lita ya damu, kwanza umeizimua hadi nusu, pili umeilisha protini, tatu umelipanua dimbwi likafika chini ya kitanda cha jirani. Ndiyo maana kitambaa kinatangulia. Vaa glavu nzito, gauni au aproni, kinga ya macho, buti. Vipande vya chupa vikiwepo viondoe kwanza kwa koleo, usivifunike. Funika dimbwi lote kwa gozi, taulo za karatasi au kitambaa cha pamba, kianzie nje ya ukingo wa damu. Mimina klorini ya asilimia 0.5 taratibu kutoka pembeni kuingia katikati, usinyunyize kwa pampu, maana pampu inarusha. Subiri dakika 10 hadi 15. Kitambaa hapa kina kazi nyingine tena: kinaishikilia klorini pale pale isikimbie. Kusanya vyote kwenye mfuko wa taka ambukizi. Osha kwa sabuni na maji. Kisha rudia klorini ile ile juu ya sakafu safi, dakika 10 hadi 15 nyingine.

Watu huwa wananiuliza kwa nini mara mbili, na wengi wanairuka ya pili kwa kudhani ni kupoteza jiki. Ukilazimika kuchagua ipi ni muhimu kwa sakafu, ni hiyo ya pili. Ya kwanza ni kwa usalama wa mkono wako unaokusanya. Ya pili inakuta sakafu haina damu ya kuila, na hapo ndipo klorini inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Hesabu ya kuzimua: gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayotaka, toa moja, jibu ni sehemu za maji. Jiki ya 3.5 kupata 0.5: 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1 ni 6. Jagi moja la jiki, majagi sita ya maji. Chupa ikiandikwa 5, ni majagi tisa. Kila asubuhi mchanganyiko mpya, na ndoo isikae juani.

Mkojo ni habari tofauti. Klorini ikikutana na mkojo mwingi inatoa gesi ya kuwasha macho na kukaba kifua. Mkojo ufyonzeni kwanza, uondoeni, osheni kwa sabuni, klorini ije mwisho. Na chupa ya formalini ikivunjika, ile ya kuhifadhia kipande cha nyama kinachokwenda patholojia, klorini isisogee hapo. Fungueni madirisha, funikeni kwa pedi ya selulosi au ya kijivu, iingie upesi kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza. Pedi haizuii mvuke wake, na formalini inasababisha saratani.

Kuna kosa moja dogo nimeliona kila ninapotembelea wodi, nalo linahusu zile pedi pana za kitandani zenye plastiki ya bluu upande mmoja. Mtu anaitupa sakafuni plastiki ikiwa chini, na damu inakaa chini ya plastiki inamcheka. Mwingine anaigeuza sawasawa, laini ikitazama damu, halafu anamimina klorini juu ya plastiki, na klorini inateleza kwenda zake. Hizo ni za kitandani, chini ya mgonjwa. Za sakafuni zisiwe na plastiki.

Kama mna bajeti ndogo na nikaulizwa mimi, ningenunua taulo za karatasi za kutosha, gozi na pamba za kushona zile pedi za Gamgee, na pedi chache zenye jeli kwa ajili ya kitanda cha kujifungulia. Kabla ya kununua nyingi, pimeni. Mnahitaji mizani ya jikoni na maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Pima kipande kikavu. Kizamishe dakika moja, kining'inize dakika moja kidondoke, pima tena. Kisha kilaze kwenye sinia, weka juu yake chupa ya lita moja iliyojaa maji, hesabu dakika moja, mwaga kilichotoka, pima mara ya tatu. Mfano, kipande cha gramu 10 kikifika gramu 160, kimefyonza gramu 150. Baada ya chupa kikibaki gramu 60, kimeshika 50 tu. Hiyo 50 ndiyo ya kulipia.

Mizani hiyo hiyo ina kazi kubwa zaidi, na hapa naomba univumilie nitoke kidogo nje ya swali. Kitu kinachofyonza vizuri kinaficha damu. Mama anavuja taratibu, kila mara mnaweka pedi kavu, kila mara panaonekana safi, na hakuna aliyejumlisha. Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakunga wa jadi walifundishwa kuhesabu kwa kanga: kanga mbili zikilowa chapa chapa, mama amekaribia mililita 500, achukuliwe hatua bila kusubiri. Ni akili nzuri, imetumia kipimo kilichokuwepo tayari chumbani. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania haukutumia kitu cha kufyonza kabisa kupimia. Walitumia shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, linawekwa chini ya mama, damu inaonekana kwa macho, na hatua za matibabu zinachukuliwa kwa pamoja mara moja. Matukio mabaya ya kutoka damu nyingi yalipungua kwa asilimia 60.

Hivyo leba, kusanya na kupima kunatangulia kufyonza. Kama hamna shuka la vipimo, pimeni kanga na pedi zilizolowa, toeni uzito wake mkavu, na kila gramu mhesabu kuwa karibu mililita moja. Andikeni uzito wa pedi kavu kwa kalamu kwenye boksi lake siku mnapolifungua, ili saa nane usiku mtu asianze kutafuta.

Mwisho boksi la sampuli. Utaratibu wa kimataifa wa sampuli za kawaida za wagonjwa, zile zenye alama ya UN 3373, unataka tabaka tatu: chupa yenyewe isiyovuja, chombo cha pili kisichovuja, na boksi gumu la nje. Kitu cha kufyonza kinakaa kati ya chupa na chombo cha pili, na kinatakiwa kiweze kumeza vyote vilivyomo chupa zote zikivunjika kwa pamoja. Mkibeba chupa 10 za mililita 4, ni mililita 40. Kwa hesabu ya kitabu, gramu mbili za pamba zingetosha. Msiifuate. Pamba iliyoshindiliwa kuzunguka chupa imepoteza nafasi zake, na bodaboda itaitikisa na kuibana zaidi njia nzima. Mimi huhesabu gramu moja ya pamba kwa mililita tano, sio ishirini. Kwa hiyo gramu 8, na nikiweka 10 silali na wasiwasi. Kila chupa iviringishwe peke yake zisigongane.

Barafu ikae nje ya chombo cha pili, kati yake na boksi. Nimefungua maboksi ambayo barafu iliwekwa ndani pamoja na chupa, ikayeyuka njiani, na pamba ikafika imeshakunywa maji ya barafu hadi mwisho, haina nafasi ya tone la damu. Fomu ya maabara nayo iwekwe nje ya chombo cha pili, kwenye mfuko wake wa nailoni, ili mpokeaji asome ni sampuli za wapi na za nini kabla hajafungua chochote.